Ghala na Daftari Lake

Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga aliponijia na kompyuta yake mpakato, ameizungushia kanga kuukuu na kuikumbatia kifuani, akaiweka juu ya meza yangu kwa mikono miwili. Mwalimu huyu kwa miaka mingi amekuwa akizunguka na kinasa sauti katika makambi ya zamani ya mkonge, akiwahoji wazee waliokuja mkoa ule kwa mkataba zama za ukoloni, wale ambao mpaka leo huitwa manamba. Na mazungumzo yote hayo, 214 kwa hesabu yake, mengi yakiwa ya watu ambao sasa ni marehemu, yalikuwa ndani ya diski moja ya gigabaiti 500, wala hapakuwa na nakala yake mahali pengine popote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii yangu inalia tik, tik, kisha inaganda. Na kila nikiiwasha inasema itaikagua diski, inaanza kuhesabu sekunde. Mimi nabonyeza kitufe iache, maana naogopa. Leo siku ya tatu. Labda ningeiachia?"

"Ulivyofanya ndivyo, Mwalimu. Ungaliiachia, leo tungalikuwa na habari nyingine."

Kauli hiyo huenda ikamshangaza msomaji aliyezoea desturi ya mafundi wetu, ambao aghalabu, diski ikionyesha dalili yoyote ya ugonjwa, jambo la kwanza wafanyalo ni kuiamuru chkdsk, programu ya ukaguzi ya Windows, ikague na kutengeneza, kisha wakaenda kunywa chai. Nataka basi nieleze hatua kwa hatua jinsi diski ile ilivyoshughulikiwa, kwa sababu utaratibu wa kazi ndio ulioiokoa amana ya Mwalimu, na lau utaratibu huo ungaligeuzwa kinyume, programu zile zile, mikononi mwa mtu yule yule, zingaliiteketeza.

Diski ni ghala, na kila ghala lina daftari lake. Ghala ni zile sahani za duara zilizopakwa utando wa sumaku, ambazo katika diski ya aina ya Mwalimu huzunguka mara 5400 kwa dakika, na juu yake hupita kichwa cha kusomea kilichoelea kwa kimo cha nanomita chache tu, kiasi kwamba chembe ya vumbi mbele yake ni jabali. Sahani hizo zimegawanywa katika vyumba vidogo vidogo viitwavyo sekta, ambavyo kwa miongo mingi vilikuwa vya baiti 512 kila kimoja, na ambavyo watengenezaji walianza kuvifanya vya baiti 4096 kwenye mwaka 2010 hivi. Daftari nalo ni mfumo wa faili: humo imeandikwa kila faili jina lake, ukubwa wake, na vyumba vipi vya ghala imelala. Katika mfumo wa NTFS, ambao Microsoft waliutoa pamoja na Windows NT mwaka 1993, daftari hilo huitwa MFT, na kila faili hupewa ukurasa wake wa baiti 1024.

Maradhi ya ghala ni sekta mbovu. Maradhi ya daftari ni makosa ya mfumo wa faili. Umeme ukikatika wakati karani yuko katikati ya kuandika, daftari laweza kuharibika na ghala likabaki salama salimini. Kadhalika ghala laweza kuoza pembeni, mahali pasipo na faili yoyote, na daftari lisijue. Ugumu huja pale sekta iliyokufa inapokuwa ndiyo iliyobeba kurasa za daftari lenyewe, maana daftari nalo halina pengine pa kukaa ila humo humo ghalani, na hapo maradhi mawili huvaa sura moja na kumdanganya tabibu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Mwalimu.

Mintarafu ya sekta mbovu, jambo moja halifahamiki inavyopasa, nami nitakaa nalo kidogo. Kila sekta huandikwa pamoja na baiti za ziada za hesabu, ambazo kwazo diski hutambua kosa dogo na kulisahihisha yenyewe bila kumwambia mtu. Kosa likizidi uwezo wa hesabu hiyo, diski husubiri sahani izunguke na kusoma tena, na tena, ikikisogeza kichwa nukta huku na nukta kule. Na kwa kuwa sahani huzunguka mara 90 kwa sekunde, kila jaribio hugharimu milisekunde 11, na majaribio yakiwa mengi mwenye kompyuta huona imeganda, kumbe mle ndani kuna juhudi kubwa. Ikishindwa kabisa hutoa taarifa ya kosa, na sekta ile huiandika katika orodha ya zinazongoja.

Zinangoja nini? Zinangoja kuandikwa. Kila diski ina akiba ya vyumba vya badala, nayo yaweza kukitoa katika hesabu chumba kibovu na kuweka kingine mahali pake. Illa haiwezi kufanya hivyo maadam haijui kilichokuwamo, kwa sababu kuweka chumba kitupu badala ya chumba chenye mali ya mtu, bila ya amri yake, ingekuwa hiyana. Kwa hiyo hukaa ikingoja mojawapo ya mambo mawili: ama ifanikiwe kusoma siku moja, ama mwenyewe aamuru kitu kipya kiandikwe pale. Ikija amri ya kuandika, diski hukijaribu kile chumba; kikishika, hukirudisha kazini; kisiposhika, hukibadilisha; na katika hali zote mbili ile mali ya kwanza imekwisha kuzikwa. Basi mtu akuambiaye kwamba programu fulani "imeziponya" sekta mbovu, na huenda asema kweli kwa upande wa chumba, muulize amefanya nini kuhusu kilichokuwamo.

Mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Katika diski za miaka ya 1980, kasoro zilizogunduliwa kiwandani ziliorodheshwa katika karatasi iliyobandikwa juu ya gamba, na mwenye diski aliziingiza moja moja kwa mkono wake alipoiandaa. Siku zile ilikuwa na maana kubwa daftari kuandika kwamba chumba fulani kibovu kisitumiwe, na athari ya zama hizo imebaki katika chkdsk mpaka leo. Lakini diski za sasa hujibadilishia vyumba zenyewe kimya kimya, na ile sehemu ndefu ya ukaguzi ipitayo sekta zote, ambayo mafundi huiamini mno, huichosha diski mgonjwa kwa saa nyingi kwa faida haba.

Nilianza kwa kuiuliza diski habari zake. Diski zote za kisasa huweka kumbukumbu ya afya iitwayo SMART, na katika namba zake nyingi mimi hutazama nne. Namba 5, sekta zilizokwisha kubadilishwa, ilisoma 8. Namba 197, zinazongoja, ilisoma 24. Namba 198, zilizoshindikana katika ukaguzi wa diski yenyewe, nayo 24. Namba 199, ambayo huhesabu makosa ya njiani baina ya diski na kompyuta, ilisoma 0, nikafurahi na kuhuzunika kwa pamoja, kwani ingalikuwa kubwa, pengine waya ungalikuwa ndio mwenye lawama na tiba ingalikuwa ya shilingi chache. Ikumbukwe pia kwamba 24 si idadi ya vyumba vibovu vyote. Ni idadi ya vile ambavyo mtu amekwisha kugonga mlango wake.

Niliitoa diski katika kompyuta ya Mwalimu, nikaiunganisha na yangu inayotumia Linux, nikahakikisha kwamba mfumo hauifungui wala kuiandika chochote, kwa maana hata kufungua folda kwa kutazama tu, katika mifumo mingi, huandika tarehe ya kutazamwa. Kisha nikaanza kuinakili nzima, sekta kwa sekta, ndani ya diski mpya ya terabaiti 1 iliyokuwa tupu kabisa, kwa programu ya GNU ddrescue ambayo Antonio Díaz Díaz aliianza mwaka 2004.

Hekima ya programu hii imo katika mpangilio wa matamanio yake. Mnakilishaji wa kawaida huanzia mwanzo, akifika kwenye sekta mbovu hukwama hapo, akaisumbua na kuisumbua, na diski mgonjwa ikafa mikononi mwake ilhali mali nyingi iliyo nzima, iliyo mbele kidogo tu, haijaguswa. ddrescue hufanya kama watu wenye akili wanaotoa vitu katika nyumba inayoungua: kwanza hubeba kilicho karibu na chepesi. Ikigonga mahali pagumu huruka mbele, ikigonga tena huruka mbali zaidi, ikifika mwisho hurudi kinyumenyume kuokota ilivyoviruka. Na kila ifanyalo huliandika katika ramani, ili kazi ikikatizwa na umeme, au diski ikihitaji kupumzika, iendelee pale pale bila ya kurudia lililokwisha. Baada ya hapo tu ndipo hurejea kwenye mapori yaliyobaki, ikayapunguza kingo, kisha ikayakwangua sekta moja moja.

Duru ya kwanza, niliyoiendesha kwa alama ya -n ili isikwangue mapema, ilimalizika kwa muda wa saa tatu hivi, na zilibaki megabaiti 63 zisizosomeka katika gigabaiti 500. Hapo moyo wangu ulitulia, kwa sababu hata diski ingalikufa dakika ile, sehemu kubwa mno ya kazi ya Mwalimu ilikuwa imekwisha kuvuka. Niliiacha ipoe mbele ya feni, na usiku nikaianzisha kukwangua. Alfajiri zilibaki sekta 110. Nikaamuru majaribio matatu zaidi, kisha mengine matatu kwa kwenda kinyume, maana wakati mwingine kichwa kinachokuja kutoka upande wa pili husoma kilichoshindikana kutoka upande wa kwanza. Na mwishowe zilisimama sekta 37, yaani baiti 151,552, ambazo hazikukubali tena. Nikaizima diski ile, nikaiweka katika bahasha, na tangu saa hiyo sikuigusa tena. Nakala nikaitolea nakala nyingine, na kazi yote iliyofuata ikafanyika juu ya hiyo ya pili.

Sasa swali lilikuwa: mapengo 37 haya yameangukia wapi? Hapa kuna njia nipendayo. ddrescue, ikiwa na ramani yake, yaweza kuijaza kila sekta iliyokosekana kwa neno lolote utakalo. Nilichagua neno PENGO, likajirudia kuanzia baiti ya kwanza mpaka ya 4096 katika kila tundu, kisha nikaamuru faili zote zitafutwe neno hilo. Sekta 14 zilikuwa katika nafasi tupu, zisizo za mtu. Sekta 22 zilikuwa ndani ya mazungumzo yaliyorekodiwa. Na sekta 1 ilikuwa ndani ya daftari.

Hizo 22 hazikunitisha kama mtu anavyoweza kudhani. Mwalimu alirekodi kwa WAV, bila ya kubana, kwa kiwango cha baiti 176,400 kila sekunde. Kwa hiyo sekta moja iliyopotea ni milisekunde 23 za sauti, na zote 22 kwa jumla ni nusu sekunde katika saa nyingi za mazungumzo. Nyingi husikika kama mgoto mdogo wa ukucha juu ya meza. Mahali pamoja tu, ambapo sekta 8 zimefuatana, silabi ya mzee mmoja imemezwa.

Ile moja ya daftari ndiyo iliyokuwa msiba. Sekta ya baiti 4096 hubeba kurasa nne za MFT, na kurasa nne ni faili nne zilizoandikwa kwa kufuatana, ambazo zilikuwa mazungumzo manne aliyoyahamisha Mwalimu jioni moja kutoka katika kinasa sauti chake. NTFS huweka nakala ya pembeni ya daftari lake, lakini ni ya kurasa za mwanzo kabisa tu, zile zinazoueleza mfumo wenyewe. Kurasa za watu wa kawaida hazina nakala. Sauti za wazee wale wanne zilikuwa zimelala ghalani nzima, hazina tundu hata moja, ila hapakuwa tena na karani ajuaye zililala wapi.

Na hapa ndipo lilipo kosa la wale wanaotanguliza kutengeneza. Programu za ukaguzi, tangu fsck ya Unix ambayo asili yake ni kazi ya T. J. Kowalski wa Bell Labs, hazikuundwa kurudisha mali iliyopotea. Ziliundwa kulifanya daftari lisijipinge. Zikikuta jina katika folda ambalo ukurasa wake hausomeki, hulifuta jina. Zikikuta vyumba vimeandikwa kuwa vina mali na hakuna ukurasa unaovidai, huvitangaza kuwa vitupu. Kwa daftari hilo ni sawa kabisa, na kesho yake mfumo utafanya kazi bila ya lalamiko. Walakini kutopatana huko, jina lisilo na ukurasa na vyumba visivyo na mwenyewe, ndio ushahidi pekee uliosalia wa kile kilichokuwapo, nayo chkdsk huusafisha kama fundi wa usafi afutaye nyayo za mwizi. Ili nisiseme kwa dhana, niliijaribu juu ya nakala ya ziada: haikuchukua hata dakika mbili, majina manne yakatoweka katika folda, na gigabaiti mbili na zaidi zikaandikwa kuwa nafasi huru, tayari kukaliwa na chochote kitakachokuja. Hicho ndicho kilichokuwa kikihesabu sekunde mbele ya Mwalimu kwa siku tatu.

Mimi niliushika ushahidi huo kama ulivyo. Katika NTFS, folda yenyewe huwa na fahirisi yake, na fahirisi hiyo haiandiki jina peke yake. Hunakili pia ukubwa wa faili na tarehe zake. Niliifungua fahirisi ya folda ile ya manamba kwa programu ya kusomea baiti, nikayapata majina yote manne, na mbele ya kila jina ukubwa wake mpaka baiti ya mwisho. Kisha nikaituma PhotoRec, programu ya Christophe Grenier, ambayo haina haja na daftari: hupita ghalani ikitazama vichwa vya mali. Kila faili ya WAV huanza kwa herufi RIFF, na baada ya herufi hizo imeandikwa ukubwa wake. PhotoRec ilirudi na kundi la WAV zisizo na majina, nyingi zikiwa zile ambazo tayari tulikuwa nazo, lakini zilipolinganishwa na fahirisi, tatu zilioana na majina matatu bila ya kuzidi wala kupungua baiti moja. Tukazirudishia majina yake.

Ya nne ilikataa. Mwanzo wake ulipatikana, kichwa chake kilitaja ukubwa ule ule wa fahirisi, lakini baada ya dakika 31 sauti ya mzee iligeuka kishindo cha kelele, kwa sababu faili ilikuwa imekatwa vipande viwili na PhotoRec, isiyo na daftari, iliendelea tu na chumba kilichofuata, ambacho kilikuwa cha picha. Kipande cha pili hakina kichwa, hakina RIFF. Kukitafuta kwa sura ni muhali.

Lakini NTFS ina orodha nyingine, iitwayo Bitmap, ambayo haijui majina kabisa. Yenyewe husema tu kwamba chumba hiki kina kitu na kile ni kitupu. Sekta zake zilikuwa zimesomeka zote. Nilichukua vyumba vyote ambavyo Bitmap ilidai vina kitu, nikaondoa vyote vinavyodaiwa na kurasa za MFT zilizo hai, ili vibaki vile vyenye mali isiyo na mwenyewe. Yalibaki maeneo matano. Matatu yalikuwa yale mazungumzo matatu tuliyokwisha kuyapata. La nne lilikuwa mwanzo wa faili yetu, na liliishia pale pale penye dakika 31. La tano lilikuwa mbali, karibu na mwisho wa diski, na ukubwa wake ulikuwa ndio ule uliopungua, ukitoa chembe ya chumba cha mwisho ambacho faili haikukijaza. Nikaviunga vipande viwili.

Mwalimu alikuja siku ya pili jioni, akavaa visikilizio, nikamwekea pale penye kiungo. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akaniashiria nirudishe, akasikiliza tena. Mzee alikuwa akieleza habari za kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, na maneno yake yalipita juu ya kiungo bila ya kukwaa. Kisha Mwalimu akavua visikilizio, akaniomba karatasi, na tukakaa mpaka magharibi tukiandika, kwa saa na dakika na sekunde, mahali 15 ambapo mazungumzo mengine yana pengo, na kwa nini, ili atakayeyasikiliza baadaye, akifika pale penye silabi iliyomezwa, asije akadhani ni mzee aliyesita.